Kamera Inapogoma Kwenye Maji Baridi: Dalili, Chanzo na Tiba

Kila msimu malalamiko yanajirudia. Mtu amejifunza kupiga mbizi Pemba, Mafia au Watamu, kwenye maji ya nyuzi 27, na kamera yake haikuwahi kumsumbua. Kazi au masomo yakampeleka Uingereza au Norway, akashuka kwenye meli zilizozama Scapa Flow, kaskazini mwa Scotland, na kamera ile ile ikaingia ukungu, betri ikakata kabla ya wakati, video ikatoka kijani kitupu. Anaamua kamera imekufa. Mara nyingi kamera ni nzima kabisa.

Hitilafu nyingi zinazojitokeza kwenye mita 35 huwa zimeanzia nchi kavu: kwenye meza uliyofungia kasha (sanduku la kamera lisiloingiza maji), kwenye buti la gari, kwenye sitaha ya boti. Tiba yake iko huko huko. Ukiwa chini unaweza kusogeza taa, kubadilisha mpangilio mmoja au miwili, au kuacha kurekodi. Ukijaribu zaidi ya hapo unakula hewa na muda ambao huna.

Mifano mingi humu inatoka Scapa Flow kwa sababu ndipo wanapokutana wengi. Tarehe 21 Juni 1919 Admirali Ludwig von Reuter aliamuru meli za kivita za Ujerumani zilizokuwa zimezuiliwa pale zizamishwe na mabaharia wake mwenyewe; kati ya 74, 52 zilikwenda chini. Nyingi ziliopolewa baadaye zikawa chuma chakavu, lakini manowari kubwa tatu bado zipo, König, Kronprinz Wilhelm na Markgraf, zimepinduka matumbo juu. Pamoja nazo kuna nne ndogo zaidi: Brummer, Cöln, Dresden na Karlsruhe. Kwa zile kubwa, sakafu ya bahari iko mita 38 hadi 45. Juu ya vyuma hivyo wameota anemoni weupe na wa rangi ya chungwa, matumbawe laini, na nyota wa baharini wenye mikono kama manyoya. Maji huwa nyuzi 6 hivi mwishoni mwa majira ya baridi, na yakipata joto sana hufika 13 au 14.

Meli hizo saba zinalindwa kisheria. Kutazama na kurekodi ruhusa, kung'oa au kubeba chochote ni kosa. HMS Royal Oak, iliyopigwa torpido tarehe 14 Oktoba 1939, ni kaburi la vita, na hakuna kuzamia pale bila kibali maalumu. Usimwombe nahodha akupeleke hata kwa kupita juu tu.

Kwanza mwili, ndipo kamera

Yafuatayo si matatizo ya kurekodi, lakini yote hutokea mtu akiwa ameikodolea macho skrini, ndiyo maana nayaweka mbele. Ukiona mojawapo, fungia kamera kwenye kamba yake, mpe mwenzako ishara, mbizi imekwisha:

- Regulata, kifaa unachopumulia hewa ya mtungi, inamwaga hewa mfululizo bila wewe kuvuta.
- Unatetemeka na huwezi kujizuia, au vidole havikunjiki.
- Unaisoma kompyuta ya mbizi mara mbili na bado hujaelewa imesema nini.
- Suti kavu, ile inayozuia maji yasifike mwilini, inaingiza maji.
- Hewa imefika kiwango mlichokubaliana kugeuzia, hata kama mnyama uliyemngoja mwaka mzima ndiyo kwanza anatoka pangoni.

Hili la regulata lina maelezo yake. Hewa inapotoka kwenye mgandamizo mkubwa wa mtungi na kutanuka, inapoa sana, na kwenye maji ya nyuzi 6 sehemu ya kwanza ya regulata, ile iliyofungwa kwenye mtungi, huweza kuganda barafu na kubaki wazi. Kwa viwango vya Ulaya, regulata isiyopimwa kwa maji baridi huandikwa kuwa ni ya zaidi ya nyuzi 10. Angalia maandishi hayo kabla ya kusafiri. Usiijaribu kwa kupumua pumzi nyingi ukiwa sitahani penye baridi kali, na usijaze suti na jaketi la kuelea kwa wakati mmoja, maana hapo hewa inapita kwa kasi na kupoa zaidi. Ikimwaga kwenye mita 30, mtungi wa lita 12 huisha kwa dakika chache tu. Hamia regulata ya pili, mwenzako afunge ile iliyoharibika, mpande kwa mwendo wa kawaida. Ukishafika juu usiifungue mwenyewe. Ni ya fundi mwenye cheti cha aina hiyo ya regulata.

Chini ya mita 40 yote yaliyomo humu hayatoshi. Kule unahitaji mafunzo ya kiufundi, gesi zilizochanganywa na mpango wa vituo vya kupandia (kusimama hatua kwa hatua unapopanda), na kamera inakuja nyuma ya hayo yote.

Dalili: kioo kimeingia ukungu kwa ndani

Hili ndilo linaloongoza. Dakika tano za kwanza picha ni safi, kisha katikati ya kioo panatanda weupe unaokua polepole.

Chanzo cha kwanza, na karibu kila mara ndicho, ni hewa yenye unyevu uliyoifungia ndani ya kasha. Chumba cha nyuzi 20 chenye unyevu wa asilimia 60 kinaanza kutoa umande kitu kikipoa hadi nyuzi 12. Maji ya Scapa Flow huwa chini ya hapo kwa sehemu kubwa ya mwaka, kwa hiyo kioo chako lazima kitone. Pemba hukuliona hili kwa sababu maji yenyewe ni ya moto na kioo hakipoi vya kutosha, ingawa hewa ya Pemba ina unyevu mwingi kuliko ya Scotland. Ukifungia kasha jikoni chai inachemka, au ndani ya boti walimovua suti watu wanane waliolowa, umejiwekea ukungu wako mwenyewe.

Chanzo cha pili ni joto la kamera. Kurekodi 4K mfululizo kunapasha mwili wa kamera, unyevu uliojificha kwenye kamba, sponji na mkanda unageuka mvuke, kisha unakwenda kugandia mahali penye baridi kuliko pote, nacho ni kioo. Cha tatu ni jua la sitahani: kasha jeusi limeota jua nusu saa, halafu linatumbukizwa kwenye maji ya nyuzi 8.

Anza na vitu rahisi. Vua mkanda wa shingoni wa kamera na kila kipande cha kitambaa kilichomo ndani. Funga kasha usiku uliotangulia, kwenye chumba kikavu na chenye ubaridi, si asubuhi kwenye boti. Weka pakiti za silika, chembe zinazonyonya unyevu, ambazo umezikausha upya. Pakiti iliyokaa wiki nzima kwenye begi imeshashiba maji na haikusaidii chochote. Ukishafunga, liache kasha kwenye ndoo ya maji ya bahari kwa dakika kumi, kivulini, kabla ya kushuka. Ikiwa umande utakuja, afadhali uje hapo, ungali unaweza kufungua.

Isipotosha, tumia pampu ya kunyonya hewa kwenye kasha lenye tundu lake. Inatoa sehemu ya hewa yenye unyevu, na papo hapo inakupimia kama kasha linavuja. Wako pia wanaopuliza ndani ya kasha hewa ya mtungi, ambayo ni kavu sana, kabla tu ya kufunga. Inafanya kazi, ila ipulizwe taratibu na kasha likiwa wazi. Usifunge kasha huku unapuliza. Kasha lililojaa mgandamizo kwa ndani huweza kurusha kioo usoni pa mtu.

Ukiona matone yanayotiririka badala ya ukungu mwembamba, huo si umande tena. Nenda dalili inayofuata.

Jambo dogo linalowachanganya wengi: ukungu au duara jeupe kati ya kioo cha kasha na lenzi ya nje inayobandikwa majini si umande hata kidogo, ni viputo vya hewa vilivyonaswa. Vua lenzi ukiwa ndani ya maji, itikise, irudishe.

Dalili: maji ndani ya kasha, au kengele ya uvujaji inalia

Huku kaskazini sababu ya kwanza ni unyuzi mmoja. Nguo nzito za manyoya tunazovaa ndani ya suti kavu zinapukutisha nyuzi mchana kutwa, na unyuzi mmoja ukilala juu ya oringi, ule mpira wa mviringo unaoziba kasha, unatosha kuwa mfereji. Ndiyo maana nasisitiza kasha lifungwe kabla hujavaa nguo za ndani, na mtu aliyenawa mikono, kwenye meza yenye mwanga. Pitisha kidole taratibu kwenye oringi yote. Kidole kinagundua chembe ambayo jicho halioni. Grisi iwe nyembamba kiasi cha kung'arisha tu. Grisi nyingi haizibi tundu, inakusanya uchafu.

Baada ya unyuzi inafuata komeo ambayo haikufunga sawasawa, kisha oringi kuukuu iliyobonyea ikawa bapa, kisha mhimili wa kitufe ulioingia chumvi. Mwisho kabisa ni ufa kwenye kasha lenyewe. Kioo chenye upana wa sentimita 10 kinabeba zaidi ya kilo 300 kwenye mita 40, kwa hiyo mkwaruzo mrefu au ufa kama unywele si kitu cha kusema tutaangalia jioni.

Watu hushangaa kuona makasha mengi yanavuja kwenye mita tatu za kwanza, si chini. Kadiri unavyoshuka mgandamizo unaikandamiza oringi na kuibana zaidi. Juu bado haijabanwa. Kwa hiyo simama kwenye mita tatu kwa nusu dakika, geuza kasha, tafuta mstari wa viputo na uangalie kama kuna maji. Fanya hivyo kila mbizi, hata kasha likiwa jipya.

Kengele ikilia mkiwa chini, elekeza kioo chini ili maji yakusanyike kwenye kioo mbali na kamera, kisha pandeni kwa mwendo wenu wa kawaida, mita 9 hadi 10 kwa dakika, na vituo vyote mvitimize. Hakuna kamera yenye thamani ya ugonjwa wa mgandamizo, ule unaoletwa na kupanda haraka. Ukifika juu, kausha nje kwanza, ndipo ufungue kioo kikiwa kimeelekea chini, toa betri, toa kadi.

Simama hapa: betri ya lithiamu iliyoingia maji ya chumvi huweza kutoa gesi na kuwaka moto hata saa kadhaa baadaye. Ikiwa kasha au taa imevimba, ina joto, inatoa harufu au inazomea, usiifungue na usiinamie. Ipeleke sehemu ya wazi ya boti, mwambie nahodha, watu wakae mbali. Usiichaji tena kamwe. Na kamera iliyozama isiwashwe ili kuona kama bado iko hai. Ipeleke kwa fundi ikiwa imezimwa.

Dalili: betri inakufa mapema

Baridi inapunguza kasi ya kemia ndani ya betri na kuongeza ukinzani wake, basi kamera inaona umeme umeshuka na kujizima wakati chaji bado ipo. Ukiipasha betri hiyo moto mfukoni na ikaonyesha asilimia 30 tena, umepata jibu: ni baridi, si ubovu.

Weka betri kwenye mfuko wa ndani karibu na mwili hadi dakika ya kufunga kasha. Kwenye Norway ya Februari sitaha huwa na baridi kuliko maji, kwa hiyo usiache kasha nje usiku. Bahari itakuwa na nyuzi 5 na sitaha chini ya sifuri. Punguza mwanga wa skrini, zima wifi, zima kamera wakati wa kushuka. Taa nazo ziwashwe ukifika, si kwenye kamba ya kushukia. Usichaji betri iliyopoa chini ya sifuri. Iache ipate joto la chumba kwanza, vinginevyo unaiharibu kwa ndani bila dalili yoyote ya nje.

Ikikata mapema hata kwenye sinki la nyumbani lenye maji ya vuguvugu, betri imezeeka. Nunua nyingine.

Dalili: picha ni kijani, ina giza au ina chenga

Nyekundu hupotea kwenye mita chache za mwanzo kila mahali duniani. Tofauti ni rangi inayobaki. Maji ya Pemba yanabaki bluu. Maji ya kaskazini yamejaa viumbe vidogo vyenye rangi ya majani na yanabaki kijani. Kichujio chekundu ulichokitumia Pemba kilitengenezwa kwa bluu. Kwa kijani kinahitajika cha rangi ya zambarau iliyoelekea waridi, tena kwenye maji ya kina kifupi tu. Kwenye mita 35 za Scapa Flow mwanga wa jua ni kidogo mno, na kichujio chochote unachoweka kinanyang'anya hata huo uliobaki. Kivue.

Tiba ya kweli ni taa, tena karibu. Mtu anakuwa na taa ya lumeni 5,000 na anarekodi kutoka mita mbili. Mwanga unasafiri mita mbili kwenda na mbili kurudi, na njiani maji yanakula sehemu kubwa ya nyekundu. Sogea hadi nusu mita. Weka mizani ya weupe kwenye mchana, karibu na kelvini 5,600, na uiache hapo, kwa sababu ile ya otomatiki itahangaika kati ya mwanga wako na kijani cha nyuma. Kama unataka mandhari ya meli nzima bila taa, pima weupe kwa kibao cheupe kwenye kina kile kile, na upime upya kila ukibadilisha mita tano.

Chenga hutokana na kamera kupandisha usikivu wake (ISO) kwa kukosa mwanga. Funga kasi ya shata kwenye 1/50 ukirekodi fremu 25 kwa sekunde, fungua lenzi, weka kikomo cha usikivu ambacho umekipima nyumbani gizani. Giza la nyuma lenye weusi safi ni zuri kuliko kijivu chenye chenga. Anemoni mweupe kwenye weusi anapendeza peke yake.

Dalili: theluji mbele ya picha

Kila chembe iliyo kati ya lenzi na mnyama inarudisha mwanga. Sababu kubwa ni taa zilizokaa karibu na lenzi na kuelekea mbele moja kwa moja, zikiangaza maji badala ya mnyama. Tanua mikono ya taa, zirudishe nyuma kidogo ya kioo, zielekeze nje hadi ukingo tu wa mwanga ndio unaomgusa mnyama. Mwanzoni utahisi umempa giza. Tazama skrini uone theluji imekwenda wapi. Hili linarekebishika mkiwa chini na linastahili dakika mbili za mbizi yoyote.

Sababu ya pili ni wewe na wenzako. Tope jepesi limelala ndani na kuzunguka kila meli iliyozama, na pigo moja la mapezi kwenda chini linafunga mwonekano kwa dakika nyingi. Piga mapezi kwa mtindo wa chura, magoti yamekunjwa, na mwende mkiukabili mkondo mdogo uliopo ili tope liende nyuma yenu. Ya tatu ni viputo vyenu: vikigonga bati lililooza kwa juu, kutu inashuka kama mvua. Chini ya sehemu iliyofunikwa unapata pumzi chache tu kabla picha haijaharibika.

Hapo hapo lipo onyo. Kuingia ndani ya meli kufuata samaki mwenye sura ya mkunga au kaa mkubwa bila mafunzo ya kupenya, bila kamba ya mwongozo na bila taa za akiba kunaua wapiga mbizi wazoefu. Meli hizi zina zaidi ya miaka mia moja na kuta zake zinaporomoka. Rekodi kutoka mlangoni. Taa zako zitaingia ndani badala yako.

Sababu ya nne ni majira. Mwanga wa masika ukirudi, kuanzia Aprili hadi Juni hivi, planktoni huchanua na maji yanakuwa mazito. Huwezi kuitibu kwa taa. Chagua lenzi ya karibu na viumbe wadogo, au panga safari vuli.

Dalili: fokasi inakwenda na kurudi

Kamera inatafuta pa kushika na inakuta chembe, kijani na manyoya ya anemoni yasiyo na ukingo. Mulika mahali penye mstari mkali, kama shina la mnyama au ukingo wa bati, shika fokasi hapo, ifunge, kisha sogea wewe mbele na nyuma.

Kama umeweka kioo cha kuba, yaani kilichobinuka kama nusu mpira, kumbuka kamera haioni mnyama mwenyewe bali taswira yake iliyo karibu sana na kuba. Lenzi isiyoweza kushika fokasi ya karibu haitashika chochote majini, hata kwa mnyama aliye mita tatu. Ijaribu kwenye beseni la nyumbani kabla ya kununua tiketi.

Dalili: wanyama wamejifunga na hakuna cha kurekodi

Watu hawaliweki hili kwenye matatizo ya kamera, lakini ndilo linaloharibu safari nyingi, na mimi ndilo ninalolijali kuliko yote. Kamera inafanya kazi, mwanga ni mzuri, na mbele yako kuna mabonge ya nyama yasiyo na umbo.

Mara nyingi sababu ni mkondo. Anemoni aina ya Metridium senile hujitanua maji yanapompitishia chakula, na maji yakisimama huweza kujikunja. Ndani ya Scapa Flow mkondo ni mdogo, lakini mahali kama Burra Sound, zilipozamishwa meli kuukuu kuziba njia, maji hupita kwa nguvu na mbizi hufanyika yanaposimama tu. Aliyelelewa pwani anazijua bamvua na maji mafu. Zitumie huku pia. Siku za maji mafu mkondo ni laini na dirisha la kuzamia ni refu. Ingia mkondo ukiwa unaelekea kufa, si baada ya kufa kabisa, na fanya hivyo kwa neno la nahodha, si kwa jedwali la simu yako.

Sababu ya pili ni usumbufu. Mawimbi ya mapezi, viputo, taa kali zilizowashwa ghafla. Fika, tulia pembeni, washa taa kwa nguvu ndogo, pandisha polepole. Dakika nne za utulivu kabla ya kurekodi zinaleta picha kuliko dakika kumi za kufukuzana.

Sababu ya tatu ni kalenda. Matumbawe laini ya Alcyonium digitatum, yanayofunika vyuma kwa vidole vyeupe na vya chungwa, hupumzika kuanzia katikati ya kiangazi hadi karibu Desemba. Yanajifunga, yanaota utando wa kahawia juu, kisha utando unabanduka na yanafunguka upya. Aliyeyakuta hivyo Septemba akadhani yamekufa hakuwa na tatizo la kamera wala la bahari.

Kwa matumbawe magumu ya maji baridi, Lophelia, subira iwe kubwa zaidi. Kwa kawaida huishi mamia ya mita chini, lakini Tautra kwenye fjodi ya Trondheim, Norway, yanapanda hadi karibu mita 40. Eneo hilo linalindwa. Yanakua kwa milimita chache hadi sentimita mbili na nusu hivi kwa mwaka, kwa hiyo tawi unalolivunja kwa mkono wa taa ni kazi ya miaka mingi. Kama huwezi kuelea bila kugusa ukiwa na kamera mkononi, warekodi wale wa kina kifupi kwanza. Hilo silibembelezi.

Dalili: vitufe havisikii, au vinajibonyeza

Glavu nene ni sababu ya kwanza. Fanya mazoezi sebuleni ukiwa umezivaa, macho umefumba. Ya pili ni chumvi iliyoganda kwenye mhimili: loweka kasha kwenye maji ya vuguvugu yasiyo na chumvi, ukibonyeza kila kitufe mara nyingi. Vikijibonyeza vyenyewe unaposhuka, umepita kina cha kasha hilo au springi imechoka. GoPro HERO13 Black, kwa mfano, bila kasha inaishia mita 10, na kwenye kasha lake mita 60. Kitufe kilichozama ndani na kisichorudi ni kazi ya fundi, si ya koleo.

Dalili: video inatikisika

Kasha zito linalovuta mkono chini linachosha msuli, na msuli uliochoka kwenye baridi unatetemeka. Ongeza maboya madogo kwenye mikono ya taa hadi kasha lote lielee karibu bila uzito. Kisha angalia risasi zako, yaani vizito vya kukuzamisha: wengi hubeba nyingi mno kwa sababu ya suti kavu, hewa inajaa kwenye suti na kuhama kutoka miguuni kwenda mabegani kila wanapoinama. Mpangilio huo urekebishwe kwenye bwawa au mita sita, na mwalimu wa suti kavu akiwepo. Ikiwa unatikisika kwa baridi, rudi kule juu kwenye orodha ya kumaliza mbizi.

Dalili: umerudi na video ya miguu yako

Umebonyeza kuanza, ukadhani umezima, na kuanzia hapo kila kitu kimegeuka: mnyama hayumo, njia ya kuogelea yote imo. Chini ya mita 30 ulevi wa naitrojeni, gesi iliyomo kwenye hewa unayovuta, unalifanya kosa hili liwe la kawaida. Jenga desturi ya kutafuta alama nyekundu ya kurekodi kila unapobonyeza, na amueni juu ni picha tatu zipi mnazitaka. Kwenye mita 40 ukivuta hewa ya kawaida una kama dakika kumi tu, kutegemea jedwali, kabla hujadaiwa vituo vya kupandia, na kila pumzi inakula hewa mara tano ya juu. Mpango wa picha kumi hauingii humo. Kosa likijirudia mbizi tatu mfululizo, punguza kina kwanza.

Dalili: faili halifunguki nyumbani

Mara nyingi betri ilikata wakati kamera bado inaandika, na faili halikufungwa. Irudishe kadi kwenye kamera ile ile yenye betri iliyojaa na uiwashe; kamera nyingi hujaribu kulirekebisha zenyewe. Ikishindikana, usirekodi kitu kingine juu ya kadi hiyo na usikubali kompyuta ikikuomba kuiformati. Tengeneza nakala ya kadi nzima, fanyia majaribio kwenye nakala. Kadi iliyoingia maji ya chumvi isuuzwe kwa maji safi, ikauke siku mbili mahali pa kawaida, si kwenye oveni wala juu ya hita. Ikiwa bado haisomeki na umeirekodi mbizi usiyoweza kuirudia, mpelekee mtaalamu wa kuokoa data kabla ya kupakua programu yoyote ya bure.